Mita inasoma sifuri lakini kichwa kinapasuka: nirudi kwenye meli?

BARUA

Ami, shikamoo.

Mie ni kijana wa Unguja, nina miaka 26, nimeoa na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Nafanya kazi ya deki kwenye meli ndogo ya mafuta inayozunguka bandari za Ghuba. Bendera yake ni ya Panama, wenyewe wako huko huko Ghuba, na mabaharia tumechanganyika: Wahindi, Wabangladeshi, Watanzania wawili na Mkenya mmoja wa Likoni. Hivi sasa niko nyumbani likizo, na mkataba mpya unanisubiri mwezi ujao. Wakala anataka jibu, ndiyo maana nakuandikia.

Tunabeba petroli, dizeli na nafta, mafuta mepesi yanayofanana na petroli. Kila tunapobadilisha shehena, matangi lazima yaoshwe. Mashine inaosha kwa maji, feni inapuliza hewa, halafu sisi vijana tunateremka na ndoo na matambara kukomba tope na kutu iliyobaki chini. Kabla hatujashuka, chifu ofisa anasimama kwenye mlango wa tangi, anashusha kipimo cha gesi kwa kamba kidogo, anakivuta na kutuonyesha. Sehemu ya gesi inasoma sifuri, oksijeni inasoma asilimia 20.9. Anasema, "Safi, shukeni." Tunapewa glavu, buti na barakoa ya karatasi kama zile za wakati wa korona.

Mwanzoni nasikia ile harufu tamu tamu ya petroli. Tukianza kuchota tope inakolea, kisha naizoea. Baada ya kama robo saa macho yanawasha na kichwa kinagonga kwenye panda la uso. Nikipanda juu naona deki inayumba na meli imefungwa gatini. Yule Mkenya siku moja alikaa chini akicheka peke yake, tukimuuliza anacheka nini hajui. Tukimaliza, mpishi anampa kila mtu pakiti ya maziwa, wanasema yanaosha sumu. Nikilala nikaamka, naona nimepona.

Safari ya mwisho kabla ya likizo likatokea jambo. Tulipumzika kwa chakula cha mchana, tukarudi. Kijana mmoja wa Bangladesh akatangulia kushuka, na hakufika mbali, akaanguka chini ya ngazi. Pampumeni, yaani mwendesha pampu za shehena, mtu mzima anayempenda yule kijana kama mwanawe, akashuka mbio bila kifaa chochote. Naye akalegea kwenye ngazi, akabaki amening'inia kwa mkono. Mie nilikuwa mlangoni, nikaweka mguu ndani, mwenzangu akanishika ovaroli kwa nyuma akanivuta. Serangi, mkubwa wetu wa deki, akaja na mtungi wa hewa mgongoni, wakafungwa kamba, tukawatoa wote wawili wazima, alhamdulillahi. Nahodha akatuambia ni joto tu, tusiliandike popote. Ile karatasi ya ruhusa ya kuingia tangini tuliletewa usiku, tukaambiwa tutie saini.

Sasa Ami, nina maswali. Ikiwa mita inasoma sifuri, kinachotuumiza ni nini? Je, nimeshaharibika mwili? Tangu nirudi nachoka bila sababu na nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Halafu mke wangu ndiye aliyefua ovaroli mbili nilizokuja nazo, je, mtoto hana tatizo? La mwisho ni kazi yenyewe. Nikikataa kushuka, wakala ameshatuambia wazi kwamba mwenye maneno mengi jina lake linapelekwa kwa mawakala wote. Kuipata nafasi hii nilimlipa fedha na deni bado ninalo. Baba ameshatangulia mbele ya haki, mama na wadogo zangu wananitazama mimi.

Nirudi, au nisirudi?

Baharia, Unguja

JIBU LA AMI

Marahaba mwanangu, na Mungu amfikishe mkeo salama kwenye siku zake.

Naanza na fizi, ambazo umezitaja kwa nusu sentensi. Kuchoka kuna sababu nyingi, na fizi kutoka damu inaweza kuwa ni meno tu. Lakini kwa kijana aliyekuwa akishinda ndani ya matangi ya petroli na nafta, hayo mawili yakikutana hayangoji mwezi ujao. Ndani ya mafuta hayo mna benzeni. Inaingia kwa pumzi, na kidogo kwa ngozi, na inapokwenda kuumiza ni kwenye uboho, ule urojo wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Uboho ukidhoofika, chembe nyekundu hupungua, mtu akachoka. Chembe nyeupe zikipungua, anaugua ovyo. Zikipungua zile zinazogandisha damu, fizi na pua huvuja na ngozi huvia damu bila kugongwa. Kuivuta kwa miaka kunaweza kuleta saratani ya damu. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka benzeni kundi la 1, yaani vitu ambavyo hakuna tena ubishi kwamba vinamletea binadamu saratani.

Sijasema unaumwa hivyo. Nasema nenda wiki hii hospitali yoyote yenye maabara, uombe picha kamili ya damu. Ni kipimo cha kawaida. Mwambie daktari kwa kinywa chako: "Nafanya kazi ndani ya matangi ya petroli na nafta, nahofia benzeni." Usipomwambia hatakuwa na sababu ya kufikiria hilo, maana wagonjwa wake wengi hawajawahi kuliona tangi la meli. Mtu akikushauri upime mkojo kutafuta benzeni, jua kwamba kipimo hicho hufaa siku ile ile ya kazi. Benzeni hutoka mwilini upesi, na mkojo ukiwa safi leo hauthibitishi kitu. Damu ndiyo inayohifadhi habari. Majibu yakitoka, hata yakiwa mazuri, chukua nakala na uitunze pamoja na pasipoti yako.

Sasa mita. Nataka unielewe hapa vizuri, kwa sababu vijana wengi wanashuka kwa imani na ile sifuri.

Kipimo cha kawaida cha gesi nne kinasoma oksijeni, monoksidi ya kaboni, haidrojeni salfaidi na gesi inayoweza kulipuka. Hiyo ya nne ndiyo inayowadanganya. Haipimi sumu. Inakwambia umebakisha umbali gani kufika kwenye mlipuko. Mvuke wa benzeni huanza kuweza kushika moto ukifikia kama asilimia 1.2 ya hewa, yaani sehemu 12,000 katika kila milioni. Mita inakigawa kiwango hicho mafungu 100. Fungu moja tu, ambalo mita nyingi hata hazilionyeshi sawasawa, ni sehemu 120 kwa milioni. Sheria ya kazi ya Marekani inaruhusu mfanyakazi avute sehemu 1 kwa milioni kwa wastani wa zamu ya saa 8, na isizidi sehemu 5 kwa dakika 15. Mvuke wa kwenye matangi yenu haukuwa benzeni tupu, ni mchanganyiko wa vitu vingi, lakini umeona pengo lilivyo. Tangi linaweza kuwa salama kabisa kwa moto na likawa linakuua taratibu kwa sumu, na mita ikakuandikia sifuri kwa haki, kwa sababu ilichoulizwa ni moto.

Benzeni ina kipimo chake. Ni kibomba chembamba cha kioo, urefu wa kidole hivi, chenye chembechembe ndani. Unavunja ncha zote mbili, unakichomeka kwenye pampu ndogo ya mkono huku mshale ukielekea pampu, unaminya idadi ya mara iliyoandikwa kwenye boksi, kisha unatazama rangi imepanda mpaka alama gani. Kazi ya dakika chache. Kibomba cha benzeni si kile cha haidrojeni salfaidi, kila gesi ina chake, na vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Meli inayobeba nafta ikakosa vibomba vya benzeni ni meli iliyoamua kutojua.

Lakini barua yako inaonyesha jambo baya zaidi ya hilo. Meli za mafuta kote duniani zina mwongozo wa usalama uitwao ISGOTT, na ndani yake mna jedwali la namna mvuke wa mafuta unavyomfanya mtu. Kwenye sehemu 1,000 kwa milioni macho huwasha ndani ya saa moja. Kwenye 2,000, macho, pua na koo huwasha, na mtu huona kizunguzungu na kuyumba ndani ya nusu saa. Kwenye 7,000, mtu huwa kama mlevi ndani ya dakika 15. Kwenye 10,000, ulevi huja haraka na unaweza kuishia kwenye kuzimia na kufa. Kwenye 20,000 ni kupooza na kufa haraka sana.

Rudi sasa kwa yule Mkenya aliyekuwa akicheka asijue anacheka nini. Huo ni ulevi wa mvuke, na unaelekea kwenye mstari wa 7,000. Mvuke wa petroli huanza kuweza kulipuka karibu na 14,000. Kwa hiyo pale chini, wakati mnachota tope, huenda mlikuwa nusu ya njia kuelekea mlipuko, na hapo hata mita ya moto ingepaswa kupiga kelele. Kwa nini ilisoma sifuri? Kwa sababu ilishushwa kidogo tu kutoka mlangoni, kabla ya kazi, basi. Mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, hulala chini. Na lile tope likiwa limetulia hujifunika, ukilitia koleo linafungua gesi mpya. Inapimwa juu, katikati na chini, kwa mpira mrefu, mpimaji akiwa nje. Inapimwa tena kazi ikiendelea. Kila aliyeko ndani awe na kipimo kinachomlilia yeye mwenyewe kifuani.

Na hapo ndipo jibu la ajali yenu lilipo. Mlitoka kula, feni huenda ilizimwa, tope likaendelea kufuka ndani ya tangi lililochemka kwa jua la Ghuba, mkarudi na kushuka kwa kipimo cha asubuhi. Kazi ikikatika, kipimo kinaanza upya. Hilo liko wazi katika mapendekezo ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, kuhusu kuingia sehemu zilizofungwa, ya mwaka 2011. Nahodha amesema ni joto. Joto linaangusha watu, lakini haliangushi wawili kwenye ngazi moja kwa dakika chache, mmoja akimfuata mwenzake.

Barakoa ya karatasi itupe. Inazuia vumbi, haizuii mvuke. Hata barakoa ya mpira yenye chujio la mstari wa kahawia, ambalo ndilo la mvuke wa mafuta, haiingii tangini, kwa kuwa chujio halitengenezi oksijeni na likishajaa halikwambii. Wala usitegemee pua. Umesema mwenyewe kwamba harufu unaizoea. Kwa haidrojeni salfaidi, ile ya mayai viza inayopatikana kwenye mafuta ghafi na wakati mwingine kwenye nafta na mafuta mazito ya meli, ni balaa zaidi. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, baharia anadhani gesi imeondoka, kumbe imezidi. Ikifika 700 mpaka 1,000, ni pumzi moja au mbili.

Maziwa nayo. Maziwa yanakwenda tumboni, mvuke unakwenda mapafuni na kutoka hapo kwenye damu. Hayakutani popote. Najua desturi hii iko hata kwenye viwanda vyetu vya huku, na wanaogawa wengine wana nia njema. Lakini pakiti ile inanikera kuliko barakoa ya karatasi, kwa sababu inamfanya kijana alale akiamini ameshatibiwa. Ukinywa, kunywa kwa njaa. Dawa ya mtu aliyelewa mvuke ni hewa safi, apumzike akiangaliwa, na aliyezimia au anayehema kwa shida apewe oksijeni. Nahodha akikosa la kufanya, kuna CIRM ya Roma, inayotoa ushauri wa daktari bure kwa meli za nchi yoyote tangu 1935, usiku na mchana.

Kuhusu mwenzako aliyekushika ovaroli: mpelekee salamu zangu, huyo ndiye aliyekurudisha Unguja. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu zilizofungwa ni waliokwenda kuokoa. Soma tena hiyo. Aliyeanguka kwanza mara nyingi si peke yake anayezikwa. Anazikwa na ndugu yake, rafiki yake, au mtu mzima anayempenda kama mwanawe. Pampumeni wenu alifanya alichotumwa na moyo, na moyo wenyewe sina la kuusema. Lakini hewa iliyomwangusha kijana mwenye nguvu haitamhurumia aliyekuja kwa mapenzi. Mapafu yanayokimbia ngazi yanavuta zaidi, ndiyo maana aliishiwa katikati.

Anayesimama mlangoni ana kazi moja: haingii. Anapiga kelele, anapiga alamu, anahakikisha hewa inapulizwa, hatoki pale mpaka wafike wenye mitungi ya hewa. Na mitungi hiyo, kamba na machela viwe vimewekwa kwenye mdomo wa tangi kabla mtu wa kwanza hajashuka, si vya kukimbilia stoo. Tangu Januari 2015, SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inazitaka meli zifanye zoezi la kuokoa watu kwenye sehemu zilizofungwa kila miezi miwili. Jiulize kama uliwahi kuliona likifanyika, au uliliona kwenye karatasi tu kama ile mliyoletewa usiku.

Karatasi ile usiisaini tena baada ya kazi. Ruhusa ya kuingia ni ya kabla, ina vipimo, saa, majina, na saini ya mwenye dhamana. Ikijazwa usiku inakuwa ushahidi dhidi yako: kesho ukiumwa, watatoa karatasi yenye saini yako inayosema hewa ilikuwa safi na vifaa ulivyo navyo vilitosha.

Ovaroli. Benzeni yenyewe huruka upesi, na nguo zilizosafiri kwenye begi mpaka Unguja hazikubaki nayo nyingi, kwa hiyo msikae na hofu usiku kucha. Hata hivyo tope na mafuta yaliyoshika kitambaa si ya kuguswa na mwenye mimba. Mkeo asizifue tena, na zisichanganywe na nguo za nyumbani, hasa za mtoto ajaye. Amwambie mkunga kliniki kwamba alizifua, aandikiwe kwenye kadi, yaishe. Wewe kuanzia leo nguo za tangi ziache melini, zifuliwe huko. Na usioshe mikono kwa petroli au tina, nimeona mabaharia wengi wakifanya hivyo, unaipaka sumu ile ile uliyokwepa kuivuta.

Twende kwenye hofu yako kubwa, jina kupelekwa kwa mawakala.

Mwaka 2004 meli ya kemikali iitwayo Bow Mariner ililipuka nje ya pwani ya Virginia, Marekani. Ilikuwa imeshusha shehena New York, wakawa wanasafisha matangi yaliyokuwa na MTBE, kimiminika kinachochanganywa na petroli. Ikatolewa amri ya kufungua matangi matupu 22 kwa mpigo. Mvuke ukatanda deki. Walikuwa watu 27, wakafa 21. Wachunguzi wa walinzi wa pwani wa Marekani waliandika kwamba amri ile haina maelezo wala utetezi. Mabaharia wale walikuwa na vyeti vya kazi hiyo. Ninaitaja kwa sababu amri mbaya kwenye meli ya mafuta haimalizi mtoa amri peke yake, na kunyamaza hakukulindi.

Una sheria upande wako, na si ya kuombea. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, wanaouita MLC, Panama imeuridhia tangu 2009 na Tanzania tangu 2019. Kwa kuwa meli ina bendera ya Panama, unaibana. Mkataba huo unakataza mawakala kuwa na orodha au mbinu yoyote ya kumzuia baharia mwenye sifa asipate kazi. Kile anachokutishia wakala ndicho kilichokatazwa, kwa maneno hayo hayo. Unakataza pia kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi, ukiacha gharama za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kwa hiyo na zile fedha ulizotoa zina maswali yake. Tafuta risiti, ujumbe wa simu, chochote kinachoonyesha ulilipa.

Unakupa haki ya kulalamika melini bila kulipiziwa kisasi, na nakala ya utaratibu wa malalamiko ulipaswa kupewa pamoja na mkataba wako. Ukishindikana melini, unalalamika nchi kavu kwa wakaguzi wa bandari ya nchi iliyouridhia, nao wanatakiwa kuficha jina lako. Ukiugua kwa kazi, mwenye meli anakulipia matibabu, na sheria za nchi haziwezi kumpunguzia wajibu huo chini ya wiki 16. Na kabla ya kupakia shehena ya mafuta, SOLAS inataka meli ipewe karatasi ya usalama wa mafuta hayo, inayotaja yaliyomo ndani yake. Omba kuisoma. Tazama asilimia ya benzeni.

Najua sheria ya kwenye karatasi na chifu ofisa mwenye haraka si kitu kimoja. Kwa hiyo nakupa maneno ya kusema, maana "sishuki" linasikika kama uasi na litakuletea ugomvi bure. Sema hivi, mbele ya wenzako, kwa sauti ya kawaida: "Chifu, niko tayari. Naomba kuona ruhusa iliyojazwa, kipimo cha chini ya tangi, na kibomba cha benzeni. Nani anakaa mlangoni, na mtungi wa hewa uko wapi?" Hujakataa kazi, umeuliza anachotakiwa kujibu kwa wajibu wake. Afisa mwema atashukuru. Asiyetaka kujibu amekwambia kila kitu, na hapo ndipo unasema hushuki mpaka vipatikane, kisha unaandika. Kuwa na daftari lako dogo: tarehe, namba ya tangi, shehena, saa ya kuingia na kutoka, mita ilisoma ngapi, ulijisikiaje. Ugonjwa wa benzeni unaweza kuchelewa miaka mingi, meli ikawa imeshauzwa na kubadilishwa jina. Daftari litabaki. Kaa sasa hivi uandike yale ya tangi la mwisho ungali unayakumbuka, umwombe na mwenzako aandike yake.

Wa kuwaendea wapo. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ni ya kwako, nenda ukaulize kama wakala wako ana kibali, na uwaeleze ulivyotozwa. Mombasa kuna mkaguzi wa ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji. Ukiwa Ghuba na simu tu mkononi, SeafarerHelp, huduma ya kuwasaidia mabaharia, wanapokea bure saa 24.

Umeniuliza nirudi au nisirudi, sitakujibu kwa kuzunguka. Kwenye meli ile, kwa hali uliyonieleza, usirudi. Si kwa sababu ya tangi peke yake, maana matangi yanasafishwa kila siku duniani na watu wanarudi makwao wazima. Ni kwa sababu watu wawili waliangushwa na gesi na nahodha akasema msiandike. Meli isiyoandika ajali ya leo haina namna ya kuizuia ya kesho. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba uko tayari kwa kazi, unaomba meli nyingine, na kwamba unasubiri majibu ya daktari. Una uzoefu wa deki kwenye meli za mafuta, na kuna kampuni zinazowatafuta watu kama wewe na zinazoshusha mtu tangini kwa taratibu zote. Kama huna cheti cha mafunzo ya meli za mafuta na kemikali, miezi hii ya kumsubiri mtoto itumie kukipata. Deni najua linauma. Mweleze anayekudai ukweli, akuongezee muda. Wengi huongeza wakiambiwa mapema.

Damu ikionyesha upungufu wowote, hata mdogo, usishuke tangini popote mpaka daktari aseme, na umwandikie mwenye meli mara moja ukiambatanisha nakala, kwa sababu madai ya matibabu yana muda wake. Halafu wapigie wale wawili waliozimia, na yule wa Likoni, uwaambie wakapime nao. Wao bado wako melini na hakuna aliyewaeleza.

Ami